Fomu Iliyoijua Miti Yote

Mchoma mkaa aliletwa kutoka mahabusu akichechemea, na kabla hajakaa aliomba radhi kwa harufu yake.

"Kaa," Polepole alimwambia. "Humu ndani hakuna anayenukia."

Jina la Polepole alipewa na wenzake wa upelelezi zamani, kwa ajili ya mwendo wake na maswali yake, na siku hizi hata Kamanda alimwita hivyo mbele ya watu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na saba, na magoti yake yalimpigia kelele kila alipokutana na ngazi. Faili lililokuwa mezani lilimfikia jana tu, mwenzake aliyekuwa nalo alipolazwa. Lilikuwa jembamba: maelezo ya mkuu wa kambi ya msitu, ripoti ya daktari, picha nne, basi.

Mzee aliyefanya kazi ya kutambua miti kambini, watu wakimwita Babu Magome, alikutwa Jumatano iliyopita amelala kifudifudi kando ya tanuri la mkaa, kisogo kimepasuliwa. Tanuri lilikuwa la huyu mwanamume aliyekaa mbele yake. Gongo lenye damu lilikutwa kwenye kuni zake.

"Nieleze tena," Polepole alisema.

"Nimeshaeleza mara tano, mama."

"Mimi sikuwepo. Anza."

Mwanamume alivuta pumzi. "Tanuri lilinipasukia, moto ukanishika mguu. Nikatoa mkaa niliowahi, magunia mawili nikayaacha palepale, nikatambaa hadi barabarani. Tangu siku hiyo sijarudi. Ni wiki nne sasa."

"Jumanne iliyopita ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Nani alikuona?"

"Mke wangu."

"Na mwingine?"

"Mama, mtu akiugua mguu hutembelewa siku tatu za mwanzo. Baada ya hapo anabaki na mkewe."

Polepole aliutazama mguu. Bandeji ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Kidonda kilikuwa cha kweli, lakini mwenye kidonda hutembea akilazimika, na mwendesha mashtaka angesema hivyo hivyo.

"Marehemu ulimjua?"

"Kwa kusalimiana."

"Na mkuu wa kambi?"

"Huyo ndiye tuliyejuana. Amenifukuza msituni mara tatu."

Mlango ulifunguka, Kamanda akachungulia. "Polepole, saa kumi kamili faili liwe kwa mwendesha mashtaka. Kesho asubuhi anasomewa mauaji."

"Sijafika eneo la tukio."

"Picha si zipo?"

"Nimeziona. Mpiga picha kapiga viatu vya askari."

"Saa kumi," Kamanda alisema, akafunga mlango.

Kwenye benchi la koridoni alikaa mke wa mchoma mkaa, siku ya sita hiyo, bakuli lililofunikwa kwa kitambaa likiwa magotini.  Alisogeza miguu tu ili Polepole apite.

Kwenda msituni ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Konstebo aliyeendesha gari alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, na alilalamika njia nzima: kwanza barabara, halafu kiti, halafu tairi la nyuma.

"Na tukifika tutatembea?" aliuliza.

"Mimi nitatembea. Wewe utamwangalia mkuu wa kambi asitoke."

"Kwa nini asitoke?"

"Bado sijui. Nataka tu nikirudi nimkute."

Kambi ilikuwa nyumba tatu za mabati na bendera iliyopauka. Mbele ya ofisi lilisimama gari la kambi, limeoshwa. Mkuu wa kambi mwenyewe alikuwa nadhifu: kola imepigwa pasi, kucha zimekatwa, viatu havijui tope. Alimpa Polepole kiti kizuri, naye akabaki na kibovu. Ukutani palikuwa na ramani ya msitu yenye miraba kumi na miwili.

"Kila mraba ni kipande cha mita mia kwa mita mia," alieleza, kwa sauti ya mtu aliyezoea wageni. "Huu ni msitu wa tambarare, joto na mvua mwaka mzima, kwa hiyo aina za miti ni nyingi mno. Vipande sita havijaguswa tangu dunia iumbwe. Sita vingine vilishakatwa, kuchomwa au kulimwa, vikaachwa. Kila miaka mitano tunahesabu miti yote tuone aina ngapi zimebaki na ngapi zimerudi."

"Na zinarudi?"

"Miti inarudi, mama. Tena haraka. Aina ndizo hazirudi."

"Kipande bora ni kipi?"

"Cha Tisa," alijibu papo hapo. "Aina mia moja na kumi na mbili. Ndiyo fahari ya kambi hii."

"Nieleze Jumanne."

"Jumanne asubuhi marehemu na Karani walimaliza kuhesabu hicho hicho cha Tisa. Kama saa tano nikaona moshi mashariki. Nikajua ni yule wa mkaa. Nikamwambia babu akachungulie. Hakurudi, na kesho yake tukamkuta."

"Ulimtuma mzee wa miaka sitini na tisa, peke yake, kwa mtu mwenye shoka?"

"Alikuwa anaijua njia."

"Alikwenda na nini?"

"Miguu yake."

"Gari?"

"Gari lilikuwa hapo hapo siku nzima."

Polepole aliandika, na mkuu wa kambi akapanga upya kalamu zake.

"Naomba fomu ya Kipande cha Tisa. Na ya kipande kingine chochote cha mwaka huu."

Alipewa cha Tisa na cha Nne. Fomu ya cha Nne ilikuwa na alama za vidole vya tope, jasho, mduara wa kikombe, na mdudu aliyepondwa ukurasa wa tatu. Fomu ya cha Tisa ilikuwa safi kama kitambaa cha madhabahuni. Polepole alizikunja zote mbili akazitia mkobani.

Aliyempeleka msituni alikuwa mpimaji wa kambi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni kama mkufu. Kwa ajili hiyo wote walimwita Futi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe Jumanne hukuwepo," Polepole alimwambia walipoanza kutembea.

"Nilikuwa mjini. Mkuu alinituma tangu Jumapili nikafuate vibati na misumari." Alipiga hatua kadhaa. "Na stoo tulikuwa na boksi zima halijafunguliwa. Nilimwambia. Akasema niende tu."

"Mnafanyaje kazi mkiwa watatu?"

"Babu anakwangua gome kidogo, ananusa, anataja jina. Karani anarudia jina kwa sauti kabla hajaandika, ili babu asikie kama amekosea. Mimi napima unene, na kama kibati cha namba kimeanguka nagonga kingine."

"Kipande kimoja siku ngapi?"

"Siku tano. Mvua ikinyesha, saba."

"Babu na Karani walielewana?"

Futi alisogeza tawi lililoziba njia. "Jumatatu waligombana. Mpishi ndiye aliyeniambia. Babu alimwita mwandishi wa uongo, na Karani akamwambia, 'Wewe mzee utakuja kuniua na midomo yako.'"

"Alisema kuniua?"

"Ni maneno tu, mama. Watu wakiwa na hasira hawachagui."

"Najua. Lakini wewe umeyakumbuka."

Walifika tanurini saa tano kasoro. Palikuwa uwazi wa jua kali katikati ya visiki, na kibanda cha matawi kilichokwisha kulala upande mmoja. Tanuri lilikuwa tuta refu la udongo mweusi, limefukuliwa upande mmoja, na pembeni magunia mawili ya mkaa. Damu ilikuwa imeoshwa na mvua. Polepole alizunguka mara moja, akazunguka tena, kisha akaketi juu ya kisiki kwa sababu ya magoti.

"Hebu niambie unachokiona wewe," alisema. "Mimi naona matope tu."

Futi alichuchumaa kwenye tuta. Juu ya udongo mweusi, pale askari hawakukanyaga, ilikuwa imeota miche midogo mamia kwa mamia, kimo cha kidole.

"Hii ni ya aina mbili tu," alisema. "Mahali palipokatwa na kuchomwa ndivyo panavyokuwa. Mbegu zake hungoja ardhini hata miaka, jua likipiga zinaamka zote pamoja, na aina nyingine hazipati nafasi." Aling'oa mmoja. "Majani manne. Huu una wiki tatu, unaelekea ya nne."

"Una uhakika gani?"

"Kila hesabu huwa tunapanda hii kwenye trei na kuandika siku. Nimeona maelfu."

"Tanuri likiwaka, miche hii inaishi?"

Futi alimtazama kana kwamba ameuliza kama samaki anaishi kikaangoni. "Udongo wa tanuri linalowaka huwezi kuweka hata kiganja, mama. Na akishafukua, anafukia kila kitu. Hebu ona gunia."

Mmea mtambaazi mwembamba wenye majani ya umbo la moyo ulikuwa umetoka chini, umepanda gunia la kwanza, umevuka hadi la pili na kujifunga shingoni mwake.

"Kwa hiyo Jumanne hapa hapakuwa na moshi."

"Jumanne wala Jumanne ya kabla yake."

Polepole alitoa daftari akaandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa, akamwambia Futi atie sahihi. Halafu akapiga picha ya miche kwa simu, na ya gunia, na ya kiganja cha Futi kikiwa kimelazwa juu ya tuta. Ndipo akazitoa fomu mbili mkobani.

"Soma hii ya cha Nne, halafu soma hii ya cha Tisa. Usiharakishe."

Futi alisoma akifuata kwa kidole. Ukurasa wa cha Nne ulimfanya atabasamu mahali fulani. Alipofika kwenye cha Tisa alifungua wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza.

"Hamna simjui," alisema.

"Nini?"

"Babu hakuwa mtu wa kubahatisha. Mti asioujua alikuwa anasema 'simjui', na Karani anaandika hivyo hivyo, 'simjui', halafu tunachukua jani tunalikandamiza kwenye gazeti. Tazama cha Nne: simjui, simjui. Hapa tena, simjui. Ziko tisa. Na cha Nne kilishakatwa zamani, aina zake ni chache." Aliinua fomu safi. "Cha Tisa kina aina nyingi kuliko vyote. Miaka mitano iliyopita tulitoka na simjui thelathini na moja, babu akawa anajicheka mwenyewe, anasema miaka hamsini msituni na bado ni mgeni. Hii fomu inajua miti yote, mama. Na hakuna hata mmoja uliokufa. Miti mia nne, miaka mitano, haujafa hata mmoja!"

"Twende huko cha Tisa."

"Ni mbali. Na Mkuu alikataza. Miaka mitatu sasa anasema tusikanyage mpaka siku ya hesabu, kusiharibiwe."

"Atanigombeza mimi," Polepole alisema, na akanyanyuka kwa mikono miwili.

Njia ilipita chini ya miti mikubwa, penye kiza cha mchana na ubaridi, hakuna nyasi, hakuna miiba, majani makavu tu na shina baada ya shina, na hakuna mawili yaliyofanana. Futi aliyataja akipita kama mtu anayesalimia majirani. Kisha wakafika kwenye nguzo iliyopakwa rangi nyekundu, yenye namba tisa. Ukisimama njiani ungesema ni msitu ule ule. Walipopenya hatua hamsini, jua liliwapiga usoni.



Visiki vilikuwa vimefunikwa kwa kamba za porini. Kati yake miti myembamba, iliyonyooka, yenye majani mapana kama miavuli, ilikuwa imejazana, na Futi alianza kuigusa mmoja mmoja. "Huu. Na huu. Huu ni ule ule. Huu ni ule ule." Aligeuka. "Ni mti mmoja, mama. Wote ni mti mmoja. Mwepesi, hata kuni haufai. Hapa palishakatwa si chini ya miaka mitatu."

Na kila mti ulikuwa na kibati cha namba, kinang'aa juani.

"Mia mbili na kumi na nne," Futi alisoma. "Mia mbili na kumi na nne tulikuwa tunaukumbatia watu watatu ndipo mikono ikutane." Alizungusha vidole vyake viwili kwenye shina lililovaa namba ile. Vilikutana.

Polepole alisogeza miwani. "Msumari huu ndivyo mnavyogonga?"

Futi alitazama, akatazama mti wa pili na wa tatu. "Hapana. Umezamishwa wote. Mti unanenepa, mama, ukizamisha msumari, miaka miwili tu mti unakimeza kibati. Sisi tunaacha vidole viwili nje, na msumari tunauinamisha chini maji yasituame. Aliyegonga hii hajawahi kufanya kazi hii. Na angalia utomvu, bado unanata. Haijamaliza mwezi."

"Vibati vimetolewa kwenye miti iliyokatwa, vikavishwa hii, kwa ajili ya hesabu."

"Ndiyo."

"Nani kati yenu hajawahi kushika nyundo?"

Futi alifikiri. "Mpishi. Mkuu. Na Karani, yeye ni kalamu tu."

Walikwenda taratibu kutoka mti hadi mti kuanzia ukingoni mwa uwazi, upande wa nguzo, hesabu inakoanzia. Kwenye mti wa kwanza, upande wa kivuli, palikuwa na mkwaruzo mdogo wa ukubwa wa ukucha. Futi aliufunika mdomo wake kwa mkono.

"Babu," alisema. "Yeye peke yake ndiye anayekwangua upande wa kivuli. Anasema harufu haijapigwa jua."

Mti wa pili ulikuwa na mkwaruzo. Wa tatu pia. Wa nne haukuwa nao.

Polepole alimzuia Futi kwa mkono, akapiga magoti polepole, akaanza kupekua majani kwa kijiti. Chini ya mti wa nne, umbali wa hatua moja, alikuta kisu kifupi chenye mpini uliofungwa uzi mweusi. Hakuuliza ni cha nani. Futi alikuwa amekwisha kaa chini.

"Lia, mwanangu," alimwambia. "Nami nipumzike kidogo."

Kisha alikifunga kisu kwenye mfuko safi, akaufunga mti wa nne utepe, akatazama saa. Ilikuwa saa saba na robo.

Saa nane na nusu walirejea kambini. Konstebo alikuwa amelala barazani, lakini alilala kwa kuziba mlango wa ofisi, na mkuu wa kambi alikuwa bado ndani.

Polepole alimwita Karani nyuma ya stoo. Alikuwa mwanamume mwembamba, kalamu tatu mfukoni.

"Jumatatu babu alikuita mwandishi wa uongo."

"Ni utani wetu, afande."

"Ukamwambia atakuja kukuua."

"Nilisema, ndiyo. Lakini—"

"Subiri. Shika nyundo. Gonga kibati hiki kwenye nguzo hiyo."

"Mimi?"

"Wewe. Gonga kama wanavyogonga."

Karani alishika nyundo vibaya, karibu na kichwa. Aligonga mara nne, akasimama, akainama kutazama, akaupinda msumari kidogo utazame chini. Vidole viwili vilibaki nje.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nimesimama karibu yao miaka tisa."

"Sasa niambie, fomu ya cha Tisa uliiandikia wapi? Na usiniambie msituni, maana hata jasho haina."

Karani alitua nyundo chini kwa uangalifu, kana kwamba itavunjika. "Ofisini," alisema. "Mkuu alinipa fomu ya miaka mitano iliyopita. Akasema ninakili, kila mti niuongezee unene kidogo, na pale penye simjui niweke jina lolote, kwa sababu majani ya kukandamiza yasingekuwepo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mkataba wangu unaisha mwezi ujao, nichague."

"Na ukachagua."

"Nina mama mgonjwa, afande. Na watoto wanne."

"Endelea."

"Jumatatu babu alinikuta naandika. Akasoma. Hakujua kusoma sana, lakini alijua 'simjui' linavyoonekana, akaona halipo. Ndipo akaniita hivyo. Akasema kesho anakwenda kuona kwa macho yake. Jumanne saa moja asubuhi nilimwona akipanda gari la Mkuu. Saa tatu gari likarudi, babu hayumo. Mkuu akaliosha gari mwenyewe, na hajawahi kuliosha tangu nimjue."

"Siku sita umekaa na hayo."

Karani aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nasema kesho nitasema."

Polepole hakumlaumu. Alimwambia aandike yote kwa mkono wake na atie sahihi kila ukurasa. Kisha akamwita mkuu wa kambi, akampa nyundo.

"Mchezo gani huu, mama?"

"Gonga tu, kaka. Nimechoka, sina nguvu za mchezo."

Mkuu alitabasamu. Aligonga kwa nguvu, mara sita, hadi kichwa cha msumari kikazama na kibati kikajipinda. Halafu akapitisha kidole gumba kuona kama kimeshika vizuri. Futi aligeuza uso. Hapo ndipo mkuu aliuona msumari wa Karani, pembeni ya wake.

"Msumari hauui mtu," alisema.

"Hauui. Lakini mtu aliyekatisha miti ya kule, kisha akagonga vibati mia nne namna hii, ana sababu ya kutotaka mtu mwingine aende kule. Huo moshi wa Jumanne uliuona upande gani?"

"Nimeshasema. Mashariki."

"Tanurini kumeota miche ya karibu mwezi mzima. Gari lilikuwa hapa siku nzima?"

"Ndiyo."

"Karani anasema hapana. Na kisu cha babu kilikuwa cha Tisa, chini ya mti wa nne. Alikagua mitatu. Alipogeukia wa nne alikupa mgongo. Kisha ukampeleka tanurini kwa gari, ukaliosha."

Mkuu wa kambi aliitazama mikono yake safi. "Nilimwambia turudi," alisema, kama mtu anayelalamikia mtumishi. "Nilimwambia mara mbili. Yeye anakwangua tu. Anakwangua, ananusa, anasema, 'Huu ni ule ule.' Angeendelea hadi wa mia nne."

Konstebo, ambaye alikuwa ameamka, alimfunga pingu bila kulalamika.

Simu ilishika mtandao kwenye kona moja tu ya baraza. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

"Faili lisiende," Polepole alisema.

"Unacho cha kuweka mahali pake?" Kamanda aliuliza.

"Ninaye. Tuko njiani."

Walifika mjini saa kumi na moja na nusu. Mke wa mchoma mkaa alikuwa bado kwenye benchi. Safari hii alisimama.

"Hatasomewa mauaji," Polepole alimwambia. "Aliyeua tumemleta."

Mwanamke hakupiga vigelegele wala hakulia. Alimshukuru Mungu kwa sauti ndogo, kisha akauliza, "Anarudi nyumbani?"

"Leo hapana. Kuna kosa la mkaa."

"Mkaa ni wetu," mwanamke akasema, akikaa tena. "Huo hatukatai."

Polepole alimtoa mumewe mahabusu, akavua viatu chini ya meza mahali asipoonekana, akaweka karatasi mpya mbele yake. Mchoma mkaa alisikiliza habari ya mkuu wa kambi hadi mwisho.

"Ulikata miti mingapi?" Polepole aliuliza.

"Ishirini na sita." Alifikiri. "Na mmoja sikuukata."

"Usioukata hauandikwi."

"Upo nyuma ya kibanda, mnene, ningepata magunia hata kumi. Nilikuwa nimeshainua shoka. Babu akapita. Hakunigombeza. Alikwangua gome, akaninusisha, akasema upande huu wote umebaki huo peke yake, ukianguka hakuna wa kuuzaa tena. Nikaweka shoka chini."

"Asubuhi uliniambia mlijuana kwa kusalimiana."

"Ningesema alinikuta na shoka mkononi, mngeandika nini?"

Polepole alichukua kalamu. Aliandika ishirini na sita kwa tarakimu na kwa maneno. Chini yake hapakuwa na nafasi ya jambo lingine, kwa hiyo aligeuza karatasi, akaanza upande wa pili: mmoja aliuacha, kwa kuombwa na marehemu.

"Huo mti ulinukiaje?" aliuliza.

"Kama pilipili, mama. Pilipili iliyosagwa leo."

Na hilo aliliandika.